Huduma ziko mtandaoni, lakini kwa nani?

Uzi wa leo ni mrefu kidogo kwa sababu ni mazungumzo niliyotoa kwa vijana wa mtaa wetu, hapa Lucky Summer. Nimeyaandika jinsi nilivyoyasema, nikaondoa tu kelele na maswali ya katikati. Wanaofuata mfululizo huu wanajua masharti: tunaeleza hoja zinazozuka kwenye mijadala ya siasa, hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukimwona mheshimiwa wako humu ndani, ni wewe umemleta.

Haya, twende.

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kuja, najua Jumamosi mchana ni saa ya mpira na nguo za kufua.

Kuna maneno ambayo kila anayetafuta kura siku hizi lazima ayaseme: kwamba huduma za serikali sasa ziko kiganjani mwako. Anayetetea serikali anayasema kwa kujisifu. Anayeipinga anasema yeye angefanya haraka zaidi na bila wizi. Wanabishana kuhusu kasi, wanabishana kuhusu gharama, wanabishana nani alianza. Mimi leo nataka tuulize swali ambalo halipewi dakika hata mbili kwenye mijadala hiyo. Kiganjani mwa nani?

Tuangalie hali ilivyo kwanza. eCitizen ilianza mwaka 2014. Mwisho wa Juni 2023 ikazinduliwa upya ikiwa na huduma zaidi ya 5,000, na zimeendelea kuongezwa. Pasipoti iko huko. Leseni ya kuendesha gari, cheti cha tabia njema, kusajili biashara, zote huko. Ushuru ni iTax. Mkopo wa chuo ni HELB, unaomba mtandaoni. Ukimaliza kidato cha nne na unataka kuchagua kozi, ni tovuti ya KUCCPS. Bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, unajisajili kwa simu au mtandaoni. Hata kulipa kumeletwa kwa nambari moja, 222222.

Mimi sipingi. Wazazi wetu wanakumbuka kulala kwenye foleni ya pasipoti pale Nyayo House. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka kurudi huko.

Lakini mnakumbuka Julai 2023? eCitizen ilishambuliwa na wadukuzi. Siku chache tu. Watu walikwama: huyu pasipoti, yule leseni, mwingine hawezi hata kukata tiketi ya treni. Nchi nzima ilikasirika, na ilikuwa na haki. Kila mtu aliuliza, "Sasa kama mlango ni huu mmoja na umefungwa, tuingilie wapi?"

Basi shika hasira hiyo mkononi. Kuna Wakenya ambao kwao mlango huo haukufungwa siku chache. Kwao unafungwa kila wiki, na hakuna anayeita waandishi wa habari.

Nazungumza kuhusu watu wenye ulemavu na tovuti za umma. Najua mkisikia "ulemavu" kwenye siasa mnafikiria nini: kiti cha magurudumu kinakabidhiwa, kamera ziko, mheshimiwa anatabasamu. Kazi yangu leo ni kuwaonyesha kwamba hili si jambo la msaada. Ni jambo la nani anahesabika kama mwananchi.

Swali la kwanza ambalo watu huuliza, na wengine wanaona haya kuliuliza: mtu asiyeona anatumiaje simu?

Anaitumia vizuri kuliko wewe. Karibu kila simu ya Android unayoiona hapa ina kitu kinaitwa TalkBack. iPhone ina VoiceOver. Kwa kompyuta kuna NVDA, programu iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, na ni ya bure. Hizi zote zinafanya kazi moja: zinasoma kwa sauti kilicho kwenye skrini. Unapitisha kidole, inakuambia "Ingia, kitufe". Unagusa mara mbili, umeingia. Hapo Thika, kwenye shule ya wasioona, shirika la inABLE lilianza kuweka maabara za kompyuta tangu mwaka 2009. Kuna watoto waliotoka pale wakiwa wanaandika na kutafuta kazi kwa kompyuta kama mtu mwingine yeyote. Kwa hivyo shida si mtu kutojua. Shida ni vile tovuti imejengwa.

Programu ya kusoma skrini haioni. Inasoma maneno ambayo mjenzi wa tovuti ameyaandika nyuma ya pazia. Mjenzi akiweka kitufe chenye picha ya mshale na asiandike jina lake, programu inasema tu "kitufe". Kitufe cha nini? Cha kulipa? Cha kufuta? Mjenzi akiweka fomu ya nafasi kumi na asizipe majina, mtumiaji anasikia "andika hapa, andika hapa, andika hapa". Jina linaenda wapi na nambari ya kitambulisho inaenda wapi? Ni kama kupewa fomu ya karatasi ambayo maswali yamefutwa yakabaki mistari.

Halafu kuna kapcha, yale maherufi yaliyopindwapindwa, au "chagua picha zote zenye taa za barabarani". Hiyo inatakiwa kuthibitisha wewe si mashine. Kwa asiyeona, isipokuwa na njia nyingine, inamthibitishia kwamba si mtu.

Na si wasioona peke yao. Kiziwi anafungua video ya serikali inayoeleza jinsi ya kujisajili, haina maandishi chini wala mkalimani wa lugha ya ishara. Mtu ambaye mikono inatetemeka hawezi kulenga kitufe kidogo kama punje ya mchele, anahitaji kupita kwenye ukurasa kwa kibodi, lakini kibodi inakwama katikati. Mtu anayesoma polepole anajaza fomu, kabla hajamaliza ukurasa unamwambia muda umeisha, anza upya. Mtu asiyetofautisha rangi anaambiwa "sahihisha sehemu zilizo na rangi nyekundu", na kwake zote ni sawa.

Sasa wacha nilete mfano wa huku kwetu, ambao kila mmoja hapa ameuona. Basari imetoka. Tangazo linawekwaje? Barua imechapishwa, ikapigwa muhuri, ikapigwa picha kwa simu, ikatupwa kwenye WhatsApp na Facebook. Fomu yenyewe ni PDF ya karatasi iliyoskaniwa, imelala upande. Kwa macho yangu na yako ni tangazo. Kwa programu ya kusoma skrini ni "picha". Neno moja. Tarehe ya mwisho iko ndani ya picha. Masharti yako ndani ya picha. Na katika hiyo barua huenda kuna mstari unasema wanafunzi wenye ulemavu watapewa kipaumbele. Huo pia uko ndani ya picha.

Sitataja ofisi, kwa sababu si ofisi moja. Ni desturi. Na desturi hiyo hatujaachiwa na serikali peke yake, sisi wenyewe tunaoeneza siasa mtandaoni ndio mabingwa. Tunapiga picha ya gazeti, tunapiga picha ya mswada, tunaandika "someni wenyewe".

Mnaweza kusema: basi si aende saiba asaidiwe? Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo kiini cha mambo kilipo.

Kwenda saiba kusaidiwa maana yake ni nini? Maana yake unamtajia kijana usiyemjua nambari yako ya kitambulisho, nambari ya KRA, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, nywila, na ile nambari ya siri inayotumwa kwa simu. Unayasema kwa sauti, kwenye chumba chenye watu wanane. Ukitafuta huduma ya afya, ugonjwa wako unautangaza. Unamlipa. Na ukiondoka hujui kama ametoka kwenye akaunti yako. Wahudumu wengi wa saiba ni watu waaminifu, wengine ni marafiki zangu. Lakini hakuna sheria duniani inayosema haki yako itegemee tabia njema ya jirani.

Linganisha na kura. Siku ya kura, mpiga kura asiyeona anaruhusiwa kuingia na mtu anayemwamini amsaidie kuweka alama. Lakini sheria haikuishia hapo. Huyo msaidizi hujaza tamko kwanza, chini ya jicho la msimamizi, kwa sababu taifa lilielewa kwamba siri ya mtu haipotei eti kwa vile haoni. Tumefikiria hayo kwa kazi ya dakika tano inayofanyika mara moja kwa miaka mitano. Kwa kazi ya kila mwezi, ya ushuru, hospitali na shule, hatujafikiria. Kwa saiba hakuna tamko.

Na Katiba, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya kulinda data tuliipitisha 2019. Hizo sheria haziwezi kumlinda mtu ambaye mfumo wenyewe umemlazimisha kumpa mwingine nywila.

Tuje kwa sheria basi, maana kwenye mijadala hapa ndipo watu hutupa vumbi.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 54. Inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, ya kufikia maeneo yote, usafiri wa umma na habari kwa kiasi kinachofaa, ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano, na ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Habari imetajwa pale pale na barabara na jengo. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge ni tatu: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Wengi hawajui hiyo ya tatu.

Sasa sikilizeni ujanja mmoja. Mtu akibanwa kwenye mjadala atasema, "Katiba inasema haki hizi zitatekelezwa hatua kwa hatua, tupeni muda." Fungua Kifungu cha 54 ukisome mwenyewe. Kina sehemu mbili. Maneno ya hatua kwa hatua yako kwenye sehemu ya pili, inayohusu nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa, ile asilimia 5. Sehemu ya kwanza, yenye habari na usafiri na heshima, haina hayo maneno. Inasema ana haki. Basi. Mtu akikuletea "hatua kwa hatua" kwenye habari, mwulize ameitoa mstari gani.

Historia nayo inafundisha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilikuwa nzuri kwa wakati wake. Iliyapa majengo ya umma miaka mitano kurekebishwa, magari ya abiria miaka miwili. Iliwaambia wenye televisheni waweke lugha ya ishara au maandishi kwenye taarifa za habari. Ilitaja hata simu za umma, kwamba ziwe na alama za kugusa. Mnakumbuka vibanda vya simu? Wengine hapa hamjawahi kuviona. Sheria ilifika kwa kibanda cha simu, na kibanda kikafa, na maisha yakahamia kwenye skrini. Kwa muda mrefu sheria ikabaki inalinda kibanda.

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na mkataba huo, Kifungu cha 9, unataja teknolojia ya habari na intaneti waziwazi. Mwaka 2022 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, likatoa kiwango cha KS 2952 kinachoeleza jinsi bidhaa na huduma za teknolojia zinavyopaswa kuwa ili watu wenye ulemavu wazitumie. Mei 2025 sheria mpya ya watu wenye ulemavu ikatiwa sahihi, ikachukua nafasi ya ile ya 2003. Kwa hivyo msidanganywe kwamba hakuna sheria. Sheria tunazo za kutosha kujaza kabati. Kinachokosekana ni mtu wa kusema: tovuti hii haijafuzu, haizinduliwi.

Hebu fikiria. Jengo haliruhusiwi kufunguliwa bila cheti cha kukaa watu. Matatu haiendi barabarani bila ukaguzi, hata kama tunajua vile ukaguzi wenyewe huenda wakati mwingine. Lakini tovuti ya mamilioni inakatwa utepe, keki inaliwa, na hakuna aliyeifungua kwa TalkBack hata dakika moja.

Sasa hoja za upande wa pili. Nitazipa haki yake, maana si zote ni za kijinga.

Ya kwanza: ni watu wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 916,692 wenye ulemavu, kuanzia umri wa miaka 5, yaani asilimia 2.2. Sensa ya 2009 ilikuwa imetoa asilimia 3.5. Je, katika miaka kumi ulemavu ulipungua hivyo? Hapana, maswali yalibadilika na namna ya kuhesabu ikabadilika. Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu 1 kati ya 6 duniani ana ulemavu mkubwa. Lakini hata tukichukua ile ndogo kabisa, watu karibu milioni moja. Kuna uchaguzi wa urais hapa Kenya umeamuliwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo, nanyi mnaijua. Tena wahenga walishasema: hujafa hujaumbika. Shosho wako hajasajiliwa popote kuwa na ulemavu, lakini macho yamefifia na maandishi ya kijivu juu ya nyeupe hayaoni. Boda ameanguka akafungwa plasta mkono wa kulia, kwa miezi miwili anatumia simu kwa kidole gumba cha kushoto. Na wewe mwenyewe, jua la saa saba, skrini imepasuka, mwangaza umepunguza kuokoa chaji. Tovuti iliyojengwa kwa ajili ya yule asiyeona vizuri ndiyo wewe pia utaisoma hapo stejini.

Ya pili: ni ghali. Mwaka 1999, kabla ya Olimpiki ya Sydney, mwanamume mmoja asiyeona, Bruce Maguire, alilalamika kwamba tovuti ya michezo haitumiki kwa vifaa vyake. Waandaaji walijitetea kwamba kurekebisha kutachukua muda mrefu na kugharimu mamilioni ya dola. Wataalamu wa upande wake walisema kazi ni ndogo mno kuliko hivyo. Tume ya haki za binadamu ya Australia ikaamua waandaaji wamembagua, na baadaye ikaamuru alipwe dola 20,000 za Australia. Funzo ni hili: ghali ni kubomoa. Ukijenga nyumba na mteremko tangu msingi, ni saruji kidogo tu. Ukingoja hadi ghorofa ya nne ndipo ukumbuke, utavunja ukuta. Kuandika jina la kitufe hakuhitaji zabuni. Kuandika maelezo ya picha ni sentensi moja. Kuweka tangazo kama maandishi badala ya picha ni rahisi kuliko kupiga hiyo picha.

Ya tatu: hata nchi tajiri zimeshindwa. Hii ina ukweli. Shirika la WebAIM la Marekani hukagua kurasa za mbele za tovuti milioni moja kila mwaka, na mwaka 2025 karibu asilimia 95 zilikutwa na makosa. Kosa la kwanza kwa wingi lilikuwa maandishi yaliyofifia. Lakini tazama wanavyofanya kuhusu kushindwa kwao. Marekani, mtu asiyeona, Guillermo Robles, alishtaki kampuni ya Domino's kwa sababu hakuweza kuagiza piza mtandaoni. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ikasema kesi yake inasimama, na Mahakama ya Juu ikakataa kuingilia. Kwa piza! Ulaya, sheria yao ya ufikikaji ilianza kutumika 28 Juni 2025, na inagusa benki, tiketi na maduka ya mtandaoni. Wameshindwa, ndiyo, lakini kushindwa kuna bei. Kwetu bei hiyo analipa mtumiaji.

Ya nne: kuna Huduma Centre, aende huko. Huduma Centre ni kitu kizuri, zipo tangu 2013. Lakini toka hapa Lucky Summer na kiti cha magurudumu, upande matatu ya Babadogo yenye ngazi za juu, uteremke tauni, uvuke barabara tatu. Mwenye macho na miguu tumemwambia asiende huko, afanye kila kitu akiwa kitandani. Mwenye shida ya kusafiri ndiye tunamwambia asafiri. Huo ni ukarimu wa kinyume.

Na kuna jambo moja la mwisho ambalo kama mwanafunzi wa siasa linaniuma kuliko yote. Tunasema Katiba yetu imesimama juu ya ushiriki wa umma. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liwahusishe wananchi. Siku hizi kuhusishwa ni nini? Ni mswada uliowekwa mtandaoni na anwani ya kutuma maoni. Mlikuwepo mwaka 2024, mliona vile Mswada wa Fedha ulivyosomwa mtaani, kifungu kwa kifungu, na watu ambao hawajawahi kusoma mswada maishani. Kijana wa Lucky Summer alijua kodi ya mkate inapendekezwa wapi. Sasa jiulize: mswada ukiwa ni karatasi zilizoskaniwa, mwenzetu asiyeona ameshirikishwaje? Amesikia kwako. Amesikia ulichochagua kumwambia, kwa hasira uliyokuwa nayo. Hakuusoma mwenyewe akapinga na wewe. Hiyo ndiyo hasara kubwa. Hatujamnyima huduma tu, tumemnyima nafasi ya kutokubaliana nasi.

Kwa hivyo tufanye nini?

Mosi, jifunzeni kupima. Haihitaji digrii. Kwenye kompyuta, weka kipanya kando, utumie kitufe cha Tab peke yake. Je, unaona ulipo kwenye ukurasa? Unaweza kufika mwisho wa fomu na kutuma? Kwenye simu, washa TalkBack, fumba macho, jaribu kuingia kwenye tovuti unayoipenda. Kabla ya hapo jifunze namna ya kuizima, usije ukanitafuta usiku. Kisha jaribu kuchagua maneno ya tangazo kwa kidole ili uyanakili. Yakikataa, ni picha. Mambo yote haya yako kwenye mwongozo wa kimataifa unaoitwa WCAG, ambao toleo la kwanza lilitoka 1999. Una umri mkubwa kuliko wengi wetu hapa, kwa hivyo hakuna mjenzi wa tovuti anayeweza kusema umemjia ghafla.

Pili, tuanze na sisi. Ukituma picha ya tangazo, andika yaliyomo chini yake. Tarehe, mahali, masharti. Ukiweka video, weka maandishi. Tukishindwa sisi wenye bando la shilingi hamsini, hatuna mdomo wa kuilaumu wizara.

Tatu, maswali. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027, na kabla ya hapo watakuja hapa wengi, kwa lori zenye spika. Wakisema huduma ziko kiganjani, msipige makofi kwanza. Waulizeni haya matatu. Je, utakubali tovuti ya ofisi yako ikaguliwe kwa KS 2952 na matokeo yatangazwe hadharani? Je, mkataba wa kujenga tovuti utasema mjenzi halipwi salio lake mpaka watu wenye ulemavu wenyewe waitumie na waseme inatumika? Na mwananchi akikwama, kuna nambari gani ya kulalamika, na nani kwa cheo atajibu, baada ya siku ngapi?

Akijibu kwa kuahidi viti vya magurudumu, mshukuru kwa viti, kisha urudie swali.

Mtu mmoja aliniuliza wiki hii kama hii ni siasa kweli ama ni mambo ya kompyuta. Nilimwambia siasa ni kuamua nani yuko ndani na nani yuko nje, na siku hizi uamuzi huo mwingi unafanywa na mtu anayejenga fomu, saa tano usiku, akiwa na haraka ya kumaliza. Hatumchagui huyo. Lakini anayemlipa tunamchagua.

Asanteni kwa kunisikiliza.

Mwisho wa mazungumzo. Kwa mlio kwenye uzi: jaribuni kile kipimo cha Tab au TalkBack kwenye tovuti moja ya umma, mlete matokeo hapa chini. Andikeni kwa maneno, msilete picha ya skrini. Wenye ulemavu mlio humu, tuambieni nilichokiacha, ninyi ndio mnaijua hii barabara. Wiki ijayo: asilimia 5 ya nafasi za uteuzi, huhesabiwaje, na nani huhesabu.